Maulizo ya Kupima Udhaifu wa Wazee Wanaokaa Nyumbani

Kila padri mwenye kutembelea wakristu wake, na kila katekista mwenye kuangalia mtaa wake, anajua ya kuwa wazee hawafanani. Wazee wawili wamezaliwa mwaka mmoja. Mmoja anashikwa na homa siku tatu, kiisha anarudi shambani. Mwingine anashikwa na homa ile ile, na nyuma ya hapo hasimami tena: anakosa nguvu za kwenda Misani, kiisha nguvu za kwenda kisimani, mwisho nguvu za kutoka kitandani. Mbele ya homa ile, wote wawili walikuwa wakitujibu: «Sijambo, Padri.» Je, kulikuwa na njia ya kujua mapema ni yupi kati yao aliye karibu ya kuanguka?

Waganga wa Ulaya na wa Amerika wamejiuliza neno hili kwa miaka mingi, nao wametunga karatasi za maulizo za kuwatambua wazee wa namna hiyo ndani ya nyumba zao. Tena wamefanya kazi ya pili isiyojulikana sana: wamezijaribu karatasi zenyewe, wapate kujua kama zinasema kweli. Kazi hiyo ya pili ndiyo tunayotaka kueleza hapa. Inatupasa sisi vilevile, kwa maana kila juma tunaamua nani atembelewe kwanza, nani apelekewe Komunyo nyumbani, nani apewe Mpako wa wagonjwa. Na mara nyingi tunaamua kwa kutupa jicho tu.

I. Udhaifu ni kitu gani?

Tusichanganye udhaifu na mambo matatu yaliyo jirani yake. Uzee ni hesabu ya miaka. Ugonjwa ni kitu chenye jina lake, kama kisukari au kifua kikuu. Ulemavu ni kushindwa kazi fulani, kama kuvaa au kuoga pasipo msaada. Udhaifu tunaousema hapa ni kupungukiwa na akiba. Mwili wa kijana una akiba kubwa: akikosa chakula siku mbili, akilala vibaya, akipata jeraha, akiba hiyo inamrudisha. Akiba ya mzee dhaifu imeliwa kidogo kidogo pasipo kelele, kama mti wa nyumba unavyoliwa na mchwa. Kwa nje nyumba ingali imesimama. Lakini upepo mdogo unatosha.

Mwaka 2001 mganga Mmarekani Linda Fried na wenzake walitoa kipimo cha alama 5, walichokijaribu kwa watu 5,317 wenye miaka 65 na zaidi, wakaaji wa Marekani. Alama ni hizi: kukonda pasipo kutaka, kadiri ya kilo 4 na nusu au zaidi katika mwaka mmoja, kujisikia mwenye kuchoka, mkono kukosa nguvu ya kukaza, mwendo kuwa wa polepole, na kazi za mwili kupungua. Mwenye alama 3 au zaidi anahesabiwa kuwa dhaifu. Mwenye alama 1 au 2 yuko njiani. Katika miaka iliyofuata ilionekana ya kuwa wale dhaifu walianguka zaidi, waliingia hospitali zaidi, na walikufa mapema kuliko wengine. Mwaka ule ule 2001, huko Kanada, Arnold Mitnitski na Kenneth Rockwood walifuata njia nyingine: kuhesabu mapungufu yote ya mtu, makubwa na madogo, na kutazama ni sehemu gani ya mapungufu hayo anayo tayari.

Njia hizi zote mbili ni nzuri, lakini zadai vyombo, saa, maandiko ya hospitali, na mtu aliyefundishwa. Mwuguzi mwenye wazee mia nne katika mitaa yake hawezi kumpima kila mmoja hivyo. Ndiyo sababu zilitungwa karatasi fupi za maulizo, ambazo mzee mwenyewe anaweza kuzijibu akiwa nyumbani kwake.

II. Mifano miwili

Karatasi ya kwanza inaitwa PRISMA-7. Ilitoka Quebec, katika Wakanada wenye kusema Kifaransa, nayo ilitangazwa mwaka 2008. Ina maulizo 7, na kila moja hujibiwa kwa ndiyo au hapana. Je, umepita miaka 85? Je, wewe ni mwanaume? Je, afya yako inakulazimisha kupunguza kazi zako? Je, unahitaji mtu wa kukusaidia mara kwa mara? Je, afya yako inakulazimisha kubaki nyumbani? Ukipatwa na shida, je, kuna mtu wa karibu unayeweza kumtegemea? Je, kwa kawaida unatembea na fimbo, au na chombo kingine, au katika kiti cha magurudumu? Kila «ndiyo» ni alama moja. Mwenye alama 3 au zaidi anapaswa kutazamwa na mganga.

Msomaji atashangaa kidogo. Kuwa mwanaume ni udhaifu? Kuwa na mtu wa kutegemea ni udhaifu? La. Watungaji hawakuchagua maulizo haya kwa sababu kila moja lasema udhaifu peke yake. Waliyachagua kwa sababu, yakiwekwa pamoja, yaliwatenga wazee wenye shida na wale wengine. Tukiondoa ulizo moja kwa kuwa halitupendezi, karatasi iliyobaki si ile iliyojaribiwa. Ni karatasi nyingine, na hakuna ajuaye inapima nini.

Karatasi ya pili ilitungwa Tilburg, katika Uholanzi, na Robbert Gobbens na wenzake. Majaribu yake yalitangazwa mwaka 2010. Sehemu yake ya kupima ina maulizo 15. Maulizo 8 ni ya mwili: afya, kukonda, kutembea, kusimama pasipo kuyumba, kusikia, kuona, nguvu za mikono, na uchovu. Maulizo 4 ni ya moyo na akili: kumbukumbu, huzuni, wasiwasi, na kuweza kushindana na matatizo. Maulizo 3 ni ya maisha na wengine: kukaa peke yake, kukosa watu wa kuzungumza nao, na kupata msaada. Mwenye alama 5 au zaidi huitwa dhaifu. Tunapenda karatasi hii kwa sababu watungaji wake hawakumkata mtu vipande: walijua ya kuwa mzee aweza kuanguka kwa upweke kama anavyoanguka kwa kukosa nguvu za miguu.

III. Majaribu manne

Mtu akinunua mizani sokoni, haamini mara moja. Anaweka jiwe la kilo moja na kutazama. Karatasi ya maulizo ni mizani vilevile, nayo inapitia majaribu manne.

Jaribu la kwanza: je, inasema lile lile ikiulizwa tena? Mzee asiyebadilika akijibu leo na kujibu tena nyuma ya majuma mawili, alama zapaswa kukaribiana. Na wauguzi wawili wakimwuliza mzee mmoja, wasipate mambo mawili. Mizani yenye kutoa kilo 3 asubuhi na kilo 5 jioni kwa gunia lile lile haifai, hata ikiwa mpya.

Jaribu la pili: je, maulizo yake yanapatana? Kama maulizo 8 yote yanapima udhaifu wa mwili, basi mwenye kujibu «ndiyo» kwa moja aelekee kujibu «ndiyo» kwa mengine. Mmarekani Lee Cronbach alitangaza mwaka 1951 hesabu ya kupima upatano huo, iitwayo alfa. Katika karatasi ya Tilburg, sehemu ya maisha na wengine ilitoka chini kuliko sehemu nyingine. Si ajabu: ina maulizo 3 tu, na kukaa peke yako si kitu kimoja na kujisikia mpweke.

Jaribu la tatu: je, inapatana na kipimo kingine kinachoaminiwa? Waholanzi wale walichukua makundi mawili ya watu wenye miaka 75 na zaidi, moja la watu 245, lingine la watu 234. Jibu la mzee juu ya nguvu za mikono lililinganishwa na nguvu zenyewe, zilizopimwa kwa chombo. Jibu juu ya kumbukumbu lililinganishwa na jaribio la kumbukumbu. Hapa kuna shida moja ya kweli. Jiwe la kilo linajulikana po pote duniani, lakini hakuna jiwe la udhaifu. Wengi hulinganisha karatasi zao na alama 5 za Fried, nazo zilitungwa na watu vilevile. Basi twapima mizani kwa mizani nyingine, na yafaa kulikumbuka neno hilo.

Jaribu la nne ndilo kubwa: je, inaona mbele? Wazee wanajibu leo. Kiisha watu wanangoja mwaka mmoja, miwili au zaidi, na kutazama ni nani aliyeshindwa kujihudumia, ni nani aliyeingia hospitali, ni nani aliyekufa. Ikiwa wenye alama nyingi na wenye alama chache wamepatwa na mambo yale yale, karatasi ile haina faida kwa kazi yetu.

IV. Makosa mawili

Hakuna karatasi isiyokosea. Lakini kuna namna mbili za kukosea, na anayezichanganya hataelewa lo lote katika habari hii. Kosa la kwanza ni kumpita mzee aliye dhaifu pasipo kumwona. Kosa la pili ni kumwita dhaifu mzee aliye imara.

Mwaka 2015 Waingereza Andrew Clegg, Luke Rogers na John Young walikusanya majaribu yaliyofanywa juu ya vipimo vyepesi. Tuchukue viwili. Kipimo cha mwendo ni hiki: mzee anatembea, na kama mwendo wake haufiki mita 0.8 kwa sekunde, maana yake kama mita 4 zamchukua zaidi ya sekunde 5, anahesabiwa kuwa mwenye hatari. Kipimo hiki kiliwashika 99 katika kila dhaifu 100, na kiliwaacha 64 katika kila imara 100. PRISMA-7 iliwashika 83 katika kila dhaifu 100, na iliwaacha 83 katika kila imara 100.

Tufanye hesabu sasa. Tuseme kuna wazee 1,000, na kati yao 100 ni dhaifu kweli. Kipimo cha mwendo kitawashika dhaifu 99, na kumpita mmoja tu. Uzuri gani! Lakini katika imara 900 kitawaita dhaifu watu 324. Basi wote walioitwa ni 423, na walio dhaifu kweli hawafiki hata robo yao. PRISMA-7 itawashika dhaifu 83 na kuwapita 17; katika imara itawakosea 153. Walioitwa ni 236, na walio dhaifu kweli ni kama mmoja katika kila watatu.

Ni kipi kilicho bora? Hesabu peke yake haiwezi kujibu. Kama nyuma ya kipimo kuna ziara tu na mazungumzo, kumwita mtu bure si hasara kubwa: mzee imara amepata mgeni. Kama nyuma ya kipimo kuna dawa kali, au kumwondoa mtu nyumbani kwake, au kumwambia mbele ya watoto wake ya kuwa hafai tena kushika shamba, basi kumwita bure ni ubaya. Na kama wauguzi ni wawili tu, watu 423 watawashinda, na yule dhaifu kweli atangoja katika mstari mrefu. Anayeweka mpaka wa alama anachagua ni kosa gani atakalolivumilia, na ni nani atakayelilipa. Hilo si neno la hesabu tena. Ni neno la haki.

V. Mahali maulizo yanapopotea

Karatasi iliyojaribiwa vizuri katika nchi moja haijajaribiwa bado katika nchi nyingine. Ile ya Tilburg ilipotafsiriwa kwa kutumiwa Brazili, Ureno, Polandi, Denmark na Ujerumani, watu hawakutosheka na kamusi. Waliijaribu upya kwa wazee wa huko. Walifanya vizuri, na ni lazima kwetu kufahamu sababu.

Tutazame ulizo la fimbo. Kwa Mkanada, fimbo ni mguu wa tatu. Katika vijiji vyetu vingi, mzee hushika fimbo kwa heshima yake, hata akiwa na nguvu za kulima. Tutazame ulizo la miaka 85: wengi wa wazee wetu walizaliwa mahali pasipo kitabu cha kuandika watoto, nao wanahesabu miaka kwa vita, kwa njaa, na kwa kufika kwa wamisionari. Tutazame ulizo la kukaa peke yako: nyanya mwenye wajukuu saba ndani ya nyumba atajibu «hapana», na pengine tangu Pasaka hakuna aliyeketi naye kumsikiliza. Maneno yametafsiriwa sawasawa, na hata hivyo kipimo kimekufa njiani.

Kuna mapotevu mengine matatu. Mara nyingi anayejibu si mzee, bali mkwe wake au mtoto wake aliyesimama mlangoni; na mzee hatasema mbele yake ya kuwa hasaidiwi. Tena wapo wanaojibu kwa kumpendeza mwulizaji, hasa akiwa padri au sista: wengine hujificha kwa haya, wengine hujionyesha kuwa wanyonge wakitumaini kupewa nguo au chakula. Mwisho wapo wasiojibu kabisa. Hawa tuwaogope zaidi. Asiyeona karatasi, asiyesikia hodi, aliyesahau, aliyelala pasipo nguvu, hao ndio tuliowatafuta, nao hawamo katika hesabu. Kila anayesoma matokeo ya maulizo aulize kwanza: wangapi walikosa kujibu, na kwa sababu gani?

VI. Eklezia na udhaifu wa wazee

Eklezia nayo ina vipimo vyake. Kipimo chepesi kuliko vyote ni miaka: kadiri ya kanuni 1252, sheria ya kufunga haimlazimishi tena aliyeanza mwaka wake wa 60. Kipimo hicho chatosha kwa neno hilo, kwa maana hakidai kumtazama mtu mmoja mmoja. Lakini kwa Mpako wa wagonjwa Eklezia haikutosheka na miaka. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 ya kuwa sakramentu hiyo si ya wale tu walio katika saa ya mwisho. Na kitabu cha ibada kilichotolewa mwaka 1972 kinaruhusu kuwapa Mpako wazee ambao nguvu zao zimepungua sana, hata kama hauonekani ugonjwa wa hatari ndani yao. Basi kitabu hicho kinamwomba padri jambo lile lile ambalo waganga wanalitafuta: kutambua udhaifu usio na jina la ugonjwa.

Atautambuaje? Kitabu chasema ya kuwa hukumu yenye busara yatosha, pasipo wasiwasi wa moyo. Na kanuni 1005 yaagiza kwamba, padri akiwa na shaka kama mgonjwa yuko katika hatari, atoe sakramentu. Tuone hapa ya kuwa Eklezia nayo imechagua kati ya makosa mawili. Imeona ya kuwa kumnyima anayehitaji ni vibaya kuliko kumpa ambaye angaliweza kungoja. Hata hivyo haikusema kila mwenye mvi apakwe. Yadai kutazama kweli.

Kwa hiyo hatusemi padri achukue karatasi ya alama pamoja na mafuta matakatifu. Alama ni kazi ya waganga. Lakini majaribu yale yatufundisha namna ya kutazama. Tuulize mambo yaliyo wazi, wala tusitosheke na salamu, kwa maana salamu ina jibu moja tu la heshima. Tuulize juu ya mabadiliko: «Babu, mwaka jana ulifika kanisani kwa miguu, leo waweza?» «Nyanya, nguo hizi zilikuwa za kadiri yako. Mbona zimekuwa pana?» Tumwulize mzee mwenyewe, tukiketi, mbali kidogo na wengine, na kumwachia nafasi ya kujibu polepole. Tuwaulize wazee wote wa mtaa kwa namna moja, si wale tu wanaotupendeza au wanaokaa karibu na njia. Tukiona alama mbili tatu pamoja, kukonda, kuchoka, kuanguka, tumpeleke kwa mwuguzi mapema, kwa maana mara nyingine kuna ugonjwa wenye dawa chini yake. Na chakula chema pamoja na mazoezi ya mwili vyaweza kumrudishia mzee sehemu ya nguvu zake. Yale tunayoambiwa nyumbani tuyahifadhi kwa siri. Na yale ya kitubio yasiingie kamwe katika karatasi yo yote wala katika shauri lo lote.

Wafratri wanaosoma hesabu na falsafa wasidhani ya kuwa masomo hayo ni ya mtihani tu. Atakayekuwa paroko kesho ataletewa karatasi za namna hii na hospitali, na mashirika ya msaada, na watu wa serikali. Aziulize maneno machache: Ilijaribiwa wapi, kwa watu gani? Inarudia lile lile? Inawapita wangapi, na kuwaita bure wangapi? Ni nani waliokosa kujibu? Na nyuma ya kumwita mtu dhaifu, mtamfanyia nini? Wakijibu vizuri, awasaidie kwa moyo wote, pamoja na wakatekista wake, kwa sababu wanajua kila nyumba. Wakikosa jibu kwa ulizo lile la mwisho, awaombe kwa adabu wangoje kidogo mbele ya kuingia katika nyumba za wazee.

Na katekista asingoje karatasi yo yote. Jumapili, Misa ikiisha, ahesabu viti vya wazee vilivyo vitupu, aandike majina, na mbele ya juma kuisha apige hodi katika kila nyumba ya hao.